Enkoda na laivu isiyochelewa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo mafundi wanaorusha harusi, ibada, misiba na mechi za mtaani huyarudia kila wiki. Wengi wao wana OBS (programu ya bure ya kurushia laivu), kompyuta moja na modemu ya laini ya simu, na majibu yameandikwa kwa hali hiyo. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Misingi

1. Enkoda ni kitu gani, na mimi ninayo?

Unayo. Picha ya 1080p yenye fremu 25 kwa sekunde, kabla haijabanwa, ni zaidi ya megabiti 600 kila sekunde. Laini yako inapandisha 3, labda 5 ikiwa siku njema. Enkoda ndiyo inayoibana picha hiyo mpaka ipite.

Inaweza kuwa programu inayotumia prosesa (x264 iliyomo ndani ya OBS), chipu iliyomo kwenye kadi ya picha (NVENC ya NVIDIA, Quick Sync ya Intel), au kisanduku cha pekee kinachochomekwa HDMI upande mmoja na waya wa mtandao upande wa pili. Hata simu unayorushia laivu ina yake, ila haikuachii nafasi kubwa ya kuigusa.

2. Mbona mjomba aliyeko Muscat anaona keki ikikatwa wakati sisi tumeshaila?

Kwa sababu picha hupita vituo vingi na kila kituo kinaishika kidogo. Kamera na kadi ya kunasa picha hushika fremu chache. Enkoda hushika kuanzia milisekunde kadhaa hadi sekunde moja na ushee. Laini ya simu nayo ina lake. Seva ya mtandao inaipokea picha, inaibana upya kwa saizi tofauti, halafu inaikata vipande.

Hapo kwenye vipande ndipo penye sekunde nyingi. Mfumo wa HLS, ambao Apple iliutoa mwaka 2009, humpa mtazamaji video kama mafaili madogo yanayofuatana. Kipande kikiwa na sekunde 6, na pleya ikaanza vipande 3 nyuma kama ilivyo desturi, mjomba ameshachelewa sekunde 18 kabla hujahesabu kitu kingine chochote.

Kwa hiyo fundi anayehangaika na enkoda peke yake ataokoa sekunde moja na nusu kati ya 25, kisha ataapa kwamba mipangilio haifanyi kazi. Inafanya kazi. Tatizo ni kwamba hakupima sekunde zimekaa wapi (swali la 4). Enkoda ina kazi nyingine ambayo ni kubwa zaidi: ndiyo inayoamua kama vituo vya mbele yake vinaweza kwenda haraka au la (swali la 7).

3. Je, nahitaji laivu isiyochelewa kabisa?

Jiulize kama kuna mtu upande wa pili anayejibu. Ibada ambayo watu wanaitazama tu wakiwa nyumbani haina haja. Sekunde 20 hazimpunguzii mtu baraka, na zinakupa akiba ya kutosha mtandao ukiyumba. Mnada, maswali ya papo kwa papo, au mjomba anayepigiwa simu katikati ya sherehe vinataka chini ya sekunde 5. Mazungumzo ya kweli ya ana kwa ana yanataka chini ya nusu sekunde, na hapo si kupanga enkoda tena, ni kubadili njia nzima (swali la 12).

Kila sekunde unayoiondoa ni akiba unayoiondoa. Laini ikikwama sekunde 3 na mtazamaji alikuwa na akiba ya 15, hatajua. Akiwa na akiba ya 2, picha itaganda bibi harusi akiwa amefumba macho, na picha hiyo itasambaa kwenye kundi la familia.

4. Nitapimaje uchelewaji bila vifaa vya gharama?

Simu mbili. Fungua saa ya kupimia mbio kwenye simu ya kwanza, iweke mbele ya kamera. Kwa simu ya pili piga picha moja inayoonyesha ile saa pamoja na skrini ya mtazamaji. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo jibu lako, kuanzia lenzi hadi macho ya mtazamaji.

Usiishie hapo. Piga picha ya namna hiyo ukilinganisha saa na dirisha la OBS lenyewe. Ukikuta milisekunde 150, huo ni mzigo wa kamera na kadi, na hakuna mpangilio wa enkoda utakaoupunguza. Kisha linganisha na pleya ya mwisho. Sasa unajua cha kugusa.

## Ndani ya enkoda

5. Ni nini hasa kinachochelewesha ndani ya enkoda yenyewe?

Mambo matatu, na yote yanatokana na enkoda kutaka kuona yajayo kabla ya kuamua.

La kwanza ni kuchungulia mbele. x264 katika kiwango cha `medium` hushikilia fremu 40 ili ijue wapi pa kutumia biti nyingi. Kwa fremu 25 kwa sekunde, hiyo ni sekunde 1.6. Kiwango cha `veryfast`, ambacho OBS hukiweka chenyewe, hushikilia fremu 10, yaani sekunde 0.4.

La pili ni fremu za B. Hizi hujengwa kwa kutazama picha iliyopita na ile inayokuja, hivyo lazima ile inayokuja ifike kwanza. Zikiwa 3 mfululizo, umepoteza milisekunde 120 hivi.

La tatu wengi hawalijui: mgawanyo wa kazi kwenye prosesa. x264 kwa kawaida hupeleka fremu tofauti kwa kila uzi wa kazi, zote zikipikwa kwa pamoja. Kompyuta yenye nyuzi nyingi inakuwa na fremu nyingi jikoni kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kompyuta yenye nguvu zaidi inaweza kuchelewa zaidi.

6. `tune zerolatency` inafanya nini? Niiwashe siku zote?

Ni mpangilio wa x264 unaozima yote matatu ya swali la 5 kwa mkupuo. Kuchungulia mbele kunakuwa sifuri, fremu za B zinaondoka, na kila fremu inakatwa vipande ili nyuzi zote zishughulikie fremu hiyo moja. Fremu ikiingia, inatoka.

Bei yake ni ubora. Kwa bitireti (idadi ya biti kwa sekunde) ileile picha itachafuka zaidi, hasa kwenye mwendo: watu wakicheza, taa za ukumbi zikizunguka, vitenge vyenye maua madogo madogo. Iwashe ukiwa unatumia njia za SRT au WebRTC (swali la 12), ambako nusu sekunde ni kitu kikubwa. Kama unapeleka kwenye mtandao wa kijamii ambako mtazamaji ataona baada ya sekunde 8 hata ufanye nini, iache. Umetoa ubora ukapata nusu sekunde ambayo hakuna aliyeiona.

7. Keyframe interval niweke ngapi?

Sekunde 2. Swali hili linaulizwa kuliko yote, na jibu ni fupi, ila sababu inafaa kujulikana.

Fremu nyingi huandika mabadiliko tu: mkono umesogea, mdomo umefunguka. Kila baada ya muda enkoda huandika fremu kamili inayojitegemea, ndiyo keyframe. Mtazamaji anayeingia katikati hawezi kuona kitu mpaka ipite fremu kamili, na seva haiwezi kukata kipande ila penye fremu kamili. Ukiacha sifuri kwenye x264, maana yake iamue yenyewe, inaweza kwenda hadi fremu 250. Kwa fremu 25 hizo ni sekunde 10. Seva inayotaka vipande vya sekunde 2 itasubiri 10, na laivu yako imeharibika kwa kisanduku kimoja ambacho hukukigusa.

Chagua namba inayogawanya urefu wa kipande bila baki. Vipande vya sekunde 6 ukaweka fremu kamili kila sekunde 4, seva itakata kwenye 8. YouTube wenyewe wanashauri sekunde 2 na wasizidi 4. Je, kushuka hadi sekunde 1? Inawezekana, lakini fremu kamili ni nzito, na ukizirudia mara mbili zaidi kwenye bitireti ndogo picha nzima inafifia. Pia zima ile hali ya kuongeza fremu kamili kila kamera inapobadilishwa (`scenecut=0`), ili mpangilio ubaki sawasawa.

8. CBR au VBR? Na bafa niweke kiasi gani?

CBR kwa laivu, yaani bitireti isiyobadilika; VBR hupanda na kushuka. Laini ya simu haipendi kushtukizwa.

Bafa ndiyo wanayoisahau. Inaeleza enkoda inaruhusiwa kuvuka wastani kwa kiasi gani kabla ya kulipa deni. Bitireti ya kilobiti 2500 na bafa ya 2500 ni sawa na sekunde 1 ya uhuru. Piga hesabu: wastani wa fremu ni kilobiti 100, lakini fremu kamili inaweza kuwa mara 10 ya hapo. Kilobiti 1000 kwenye laini ya megabiti 3 zinahitaji theluthi ya sekunde kupita, na fremu zote za nyuma yake zinapanga foleni.

Kwa SRT na WebRTC natumia bafa nusu ya bitireti, mfano 2500 kwa 1250. Ukibana chini ya hapo utaona picha inapumua: kila sekunde 2 inachafuka kidogo na kusafishika, hasa kwenye kuta na anga. Kwa mitandao ya kijamii acha bafa ilingane na bitireti.

9. x264 au NVENC?

Ukiwa na kadi ya NVIDIA ya miaka ya karibuni, NVENC. Prosesa inabaki huru kwa picha, maandishi na kamera ya pili, na hiyo inakuokoa kuliko tofauti ndogo ya ubora. Ndani yake kuna viwango kutoka P1 hadi P7 na mtindo wa uchelewaji mdogo. Anza na P4 au P5, zima Look-ahead (kuchungulia mbele), weka fremu za B sifuri kama unakwenda WebRTC. Kompyuta isiyo na kadi itumie Quick Sync kabla ya kuikamua prosesa kwa x264.

10. Fremu 25 au 30?

Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa hertzi 50, na taa nyingi za kumbi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyoletwa kutoka Marekani ikiwa kwenye fremu 30 na shata ya 1/60 itaonyesha mawimbi meusi yakipanda ukutani. Weka kamera kwenye PAL, fremu 25 na shata 1/50, na OBS nayo 25. Kama lazima utumie 30, shata ibaki 1/50 au 1/100.

Fremu 50 hupunguza kidogo uchelewaji, kwa kuwa kila fremu ni milisekunde 20 badala ya 40, lakini zinataka bitireti zaidi. Kwa mpira zinafaa. Kwa mahubiri, hapana.

11. HEVC na AV1 hazitapunguza mzigo?

Ni mbinu mpya za kubana kuliko H.264, ile ya x264, na zinabana vizuri zaidi kwa picha ileile. Shida ni mtazamaji: simu ya zamani ya shangazi inafungua H.264 bila kulalamika, AV1 inaweza kuichosha au isiifungue kabisa. Zitumie kati ya enkoda yako na seva yako kama pande zote mbili zinakubali.

## Njia ya kupeleka

12. RTMP, SRT na WebRTC, ipi ni ipi?

RTMP ni ya zama za Flash. Flash yenyewe ilizikwa mwisho wa 2020, lakini RTMP bado ndiyo mlango wa kawaida wa mitandao ya kijamii. Inapita juu ya TCP: pakiti moja ikipotea, zote za nyuma zinasubiri irudishwe. Kwenye laini inayoyumba uchelewaji unajijenga polepole mpaka OBS inaanza kutupa fremu.

SRT ilifunguliwa kwa umma na kampuni ya Haivision mwaka 2017. Inapita juu ya UDP, inaomba upya pakiti zilizopotea, lakini kwa muda uliouweka wewe. Muda ukiisha, inaiacha pakiti na kuendelea. Kwa laini za simu sijaona inayoizidi.

WebRTC ndiyo inayotumika kwenye simu za video za kivinjari. Inafika chini ya nusu sekunde. OBS kuanzia toleo la 30 inaipeleka kupitia itifaki ya WHIP. Haitaki fremu za B, na sauti yake hubanwa kwa Opus, si AAC.

Kama lengo ni mtandao wa kijamii unaopokea RTMP tu, unaweza kupeleka SRT hadi seva yako mwenyewe, kisha seva ikapeleka RTMP mbele. MediaMTX, ambayo ni ya bure, inafanya kazi hii.

13. Latency ya SRT niweke ngapi?

Huu ni ule muda wa kusubiri pakiti wa swali la 12. Piga pingi (muda wa kwenda na kurudi) hadi kwenye seva, zidisha kwa 4. Pingi ya milisekunde 100 inakupa 400. Pande mbili zikitofautiana, kubwa ndiyo inayotumika.

Sasa angalia hapa vizuri. Ndani ya anwani unayoandika kwenye OBS au FFmpeg (programu ya video inayoendeshwa kwa amri za maandishi), namba hii inahesabiwa kwa maikrosekunde. Milisekunde 400 huandikwa `latency=400000`. Ukiandika `latency=400` umeomba chini ya nusu milisekunde, na kama upande wa seva nao hauna namba kubwa zaidi, SRT haitapata muda wa kurudisha pakiti hata moja, na picha itajaa miraba huku ukilaumu laini. Visanduku vingi na programu nyingine za SRT huhesabu kwa milisekunde, ndiyo maana kosa hili halifi.

Mfano kamili wa FFmpeg, ukiweka chanzo chako na anwani yako:

`ffmpeg -i CHANZO -c:v libx264 -preset veryfast -tune zerolatency -b:v 2500k -maxrate 2500k -bufsize 1250k -g 50 -keyint_min 50 -sc_threshold 0 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 128k -ar 48000 -f mpegts "srt://SEVA:9000?mode=caller&latency=400000"`

Namba 50 kwenye `-g` ni fremu, si sekunde: 25 mara 2.

14. YouTube ina chaguo la uchelewaji mdogo sana. Nilichague?

Kama kuna maswali na majibu, ndiyo. Fahamu kwamba hali hiyo haikubali 4K, na kwamba akiba ya mtazamaji inapungua kama ilivyoelezwa kwenye swali la 3. Chaguo la kati ndilo ninaloliweka mara nyingi. Likague kabla ya kuanza, halibadiliki vizuri ukiwa hewani.

## Ukiwa eneo la tukio

15. Bando la kiasi gani?

Video 2500 na sauti 128 ni kilobiti 2628 kwa sekunde, karibu GB 1.2 kwa saa. Harusi ya saa 5 ni GB 6. Nunua 8, kwa sababu MC hajawahi kumaliza kwa wakati, na majaribio ya mchana nayo yanakula.

16. Nilipima mchana kasi ilikuwa megabiti 10, usiku laivu ikaganda. Kwa nini?

Mchana ukumbi ulikuwa mtupu. Usiku kuna watu 300, kila mmoja na simu, wote kwenye mnara mmoja, na wote wanapandisha status. Pima siku iliyotangulia saa ileile, pima kasi ya kupandisha na si ya kushusha, na bitireti yako isizidi theluthi mbili ya kipimo kibaya kabisa ulichopata.

Kisha fungua dirisha la takwimu la OBS. Fremu zilizopotea kwa mtandao zikipanda, shusha bitireti au washa hali ya kuibadilisha yenyewe kulingana na msongamano. Zikipanda zilizorukwa na enkoda, laini haina kosa: prosesa imezidiwa, tumia kiwango chepesi zaidi au rudi swali la 9. Watu huchanganya hizi mbili na kununua bando jipya kutibu kompyuta iliyochoka.

17. Mara moja laivu yote ilipanda uchelewaji mchana kutwa bila sababu. Inawezekana?

Inawezekana. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba kwa siku kadhaa. Trafiki ikizungushwa njia ndefu, pingi inapanda, na SRT uliyoipangia milisekunde 400 haitoshi tena. Piga pingi upya, zidisha upya, ongeza. Seva iliyo karibu, mfano Nairobi, hukupunguzia hatari hii kuliko iliyoko Ulaya.

## Visa vya pembeni

18. Sauti inatangulia midomo.

Sauti kutoka kwenye mikisa huingia moja kwa moja, picha hupitia kamera na kadi. Piga kofi mbele ya lenzi, rekodi, hesabu fremu kati ya mlio na viganja kukutana. Fremu 3 kwa 25 ni milisekunde 120: ziandike kwenye Sync Offset ya sauti.

Ikiwa inaanza sawa kisha inapotoka baada ya saa moja, dawa hiyo haisaidii. Ni vifaa viwili vyenye saa mbili zisizolingana. Ingiza sauti ya mikisa kwenye kamera ili vyote visafiri kwenye HDMI moja, na kila kitu kiwe kwenye hertzi 48000.

19. Nimesikia kuhusu intra-refresh. Inafaa?

Badala ya fremu kamili moja nzito, enkoda husafisha picha kwa mstari mwembamba unaotembea kutoka upande mmoja hadi mwingine. Foleni ya swali la 8 inaisha. Inafaa kati ya mashine mbili unazozimiliki. Usiipeleke kwenye seva inayokata vipande, kwa sababu haitapata pa kukatia (swali la 7).

20. Naweza kuonyesha laivu hiyohiyo kwenye skrini kubwa ya ukumbini?

Usifanye. Hata nusu sekunde inaonekana mtu akiwa jukwaani na skrini iko juu ya kichwa chake. Toa waya wa HDMI au SDI moja kwa moja kutoka kwenye mikisa ya picha, na enkoda ishughulike na walio mbali tu.

21. Mjomba anataka kuongea na maharusi kwa simu huku anatazama laivu.

Niliwahi kulikubali hili bila kujiandaa. MC akauliza, "Mjomba, unatuona?" Mjomba akasema anaona watu wanakula. Chakula kilikuwa kimeondolewa, maharusi wamesimama. Ukumbi ukacheka, na baada ya sekunde 20 mjomba akasikia kicheko kutoka kwenye televisheni yake, akadhani anachekwa upya. Kosa lilikuwa langu, niliacha chaguo la kawaida.

Mpe mjomba kiungo cha WebRTC (swali la 12) au simu ya video ya kawaida, si laivu wanayoitazama wengine. Kwenye mikisa tengeneza njia ya sauti inayompelekea kila kitu isipokuwa sauti yake mwenyewe, la sivyo atajisikia akirudi na ataanza kusema "haloo, haloo" mpaka zamu yake iishe. Na televisheni ya sebuleni kwake izimwe sauti kabla hajaunganishwa. Mwombe mtoto wa nyumba ile akae karibu na rimoti, kwa sababu mjomba mwenyewe atasahau.